Kujitolea Nje ya Nchi kwa Ajili ya Wazee na Watoto Yatima: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaotaka kwenda kujitolea katika nchi nyingine huwataja wazee na watoto yatima kwa pamoja, kana kwamba mahitaji ya makundi haya mawili ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Mzee anayeishi katika makao ya wazee hunufaika moja kwa moja na mgeni mwenye subira anayekaa naye, anayemsikiliza na kumsaidia kula, hata kama mgeni huyo ataondoka baada ya miezi kadhaa. Mtoto mdogo aliyetenganishwa na wazazi wake hanufaiki kwa namna hiyo, kwa sababu anachohitaji ni mlezi yule yule kila asubuhi kwa miaka mingi, na kila mgeni anayemzoea kisha akatoweka humwongezea hasara juu ya ile aliyokwisha kuipata. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu tangu mwanzo: ukitaka kuhudumu wewe mwenyewe, ana kwa ana, nenda kwa wazee; ukitaka kuwasaidia yatima, wasaidie wale wanaowalea.

Hatua ya kwanza: Fahamu hali halisi ya watoto unaotaka kuwasaidia

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 duniani kulikuwa na yatima karibu milioni 140, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa takriban milioni 15 tu. Wengi mno kati yao wanaishi na mzazi aliyebaki, bibi, babu, shangazi au ndugu mwingine, wala hawajawahi kukaa katika kituo cha malezi. Upande wa pili, ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya kila watano waliomo katika vituo vya malezi wana mzazi mmoja au wawili walio hai. Watoto hao walifikishwa pale na umaskini, ulemavu, mgogoro wa kifamilia, au ahadi ya shule na chakula ambayo mzazi hakuweza kuikataa.

Jambo hili lina uzito kwa mtu anayefunga safari, kwa sababu fedha za wageni zinaweza kuwa ndizo zinazowaweka watoto kituoni. Pale ambapo kila mtu wa kujitolea hulipa ada na kuleta zawadi, mapato ya kituo hutegemea idadi ya watoto wanaoonekana, na wapo watu waliopita vijijini kuwashawishi wazazi wawatoe watoto wao. Hali hii imeandikwa kwa kina nchini Nepal na Kambodia, na Kambodia idadi ya vituo ilielezwa kupanda kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto lililozitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo zile zinazoambatana na utalii.

Madhara ya kulelewa kituoni nayo yamepimwa. Nchini Romania, katika mji wa Bucharest, watafiti Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo tangu wakiwa wachanga. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa katika malezi ya kambo, yaani kulelewa nyumbani na familia nyingine, na wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki, na kadiri mtoto alivyohamishwa mapema ndivyo alivyonufaika zaidi. Walezi wa vituoni hawakuwa lazima watu wakatili. Tatizo ni kwamba zamu hubadilika, mikono hubadilika, na mtoto hakui na mtu mmoja anayejua kilio chake cha njaa na kile cha maumivu.

Hatua ya pili: Chagua kazi unayoweza kuifanya bila kumdhuru mtu

Kwa upande wa watoto, kazi zinazofaa kwa mgeni ni zile zinazoimarisha familia na walezi wa kudumu. Ikiwa wewe ni muuguzi, mwalimu, mtaalamu wa tiba ya viungo au wa saikolojia, unaweza kuwafundisha walezi na maafisa wa ustawi wa jamii, ambao wataendelea kuutumia ujuzi huo ukishaondoka. Ikiwa wewe ni mhasibu, fundi umeme, seremala au mtu wa kompyuta, shirika linalowarudisha watoto kwa jamaa zao linahitaji hesabu safi, paa lisilovuja na kumbukumbu zilizopangwa. Programu za michezo na masomo ya ziada kwa watoto wanaolala nyumbani kwao nazo ni salama kuliko kituo cha kulala, maana mtoto huagana nawe jioni na kurudi kwa watu wake.

Kwa upande wa wazee milango ni mingi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifika bilioni 1, na kwamba watakuwa bilioni 2.1 ifikapo mwaka 2050, huku familia nyingi zikizidi kuwa ndogo na vijana wakihama kutafuta kazi. Makao ya wazee, vituo vya mchana na huduma za kutembelea majumbani huhitaji watu wa kusoma gazeti kwa sauti, kusukuma kiti cha magurudumu hadi bustanini, kucheza karata, kuandamana na mzee kwenda hospitali, au kukaa tu na mtu ambaye wiki nzima hakusemeshwa na yeyote isipokuwa aliyemletea dawa. Armand Marquiset alipoanzisha mjini Paris, mwaka 1946, shirika la Petits Frères des Pauvres kwa ajili ya wazee maskini walioachwa peke yao baada ya vita, kauli yake ilikuwa maua kabla ya mkate. Alimaanisha kuwa mzee mpweke anahitaji kupendwa na kuheshimiwa, zaidi ya kushibishwa. Nimeona niitaje kwa sababu watu wengi hudhani kazi ya kukaa na kuzungumza si kazi, wakakimbilia kupaka rangi kuta.

Kuhusu muda, uwe mkweli. Wiki mbili zinatosha kwa kambi ya kazi ya kukarabati jengo. Hazitoshi kwa mzee anayehitaji kuzoea sauti yako, ambaye ningesema apewe walau miezi mitatu. Kazi yoyote inayokukutanisha na watoto mara kwa mara isikubaliwe chini ya miezi sita, tena ikiwa tu una taaluma inayohusika.

Hatua ya tatu: Tafuta shirika, kisha ulihoji bila aibu

Programu za umma ndizo pa kuanzia, kwa kuwa masharti yake yamewekwa wazi. Mpango wa Watu wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 1970 na wenye makao makuu mjini Bonn, Ujerumani, huwapa wanaopangiwa vituo posho ya kujikimu, na pia una kazi zinazofanyika kwa intaneti bila kusafiri. Umoja wa Ulaya una Jeshi la Mshikamano la Ulaya, ambalo licha ya jina lake halina silaha wala gwaride. Hupokea vijana wa miaka 18 hadi 30, wakiwemo wa baadhi ya nchi zilizo nje ya Umoja huo, kwa muda wa kuanzia wiki mbili hadi miezi 12, na hugharimia nauli, malazi, chakula na bima. Ujerumani, baada ya kusitisha jeshi la lazima mwaka 2011, ilianzisha huduma ya kujitolea ya taifa ambayo wageni wanaweza kuomba, na sehemu kubwa ya nafasi zake zimo katika nyumba za wazee, hospitali na huduma za watu wenye ulemavu.

Mashirika binafsi yapo mengi, mazuri na mabaya, na tovuti yenye picha za kuvutia haitakusaidia kuyatofautisha. Andika barua uulize maswali. Kwa shirika linalohusika na watoto, swali lenye faida kuliko yote ni hili: mwaka uliopita ni watoto wangapi walirudishwa kwa wazazi au jamaa zao, au kupelekwa katika malezi ya kambo? Shirika linalofanya kazi yake litakupa idadi na kukueleza namna linavyowafuatilia, ilhali lile linalowahitaji watoto kwa ajili ya wageni litazungumza juu ya tabasamu na upendo. Uliza pia kama kituo kimesajiliwa na mamlaka ya ustawi wa jamii ya nchi hiyo, uombe nakala ya sera yao ya ulinzi wa mtoto, na uulize ada yako inagawanywaje. Ukikubaliwa ndani ya siku moja, bila mahojiano, bila wadhamini na bila cheti cha polisi, basi mtu yeyote mwenye nia mbaya anaweza kukubaliwa vivyo hivyo, na hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kuliacha shirika hilo.

Kwa makao ya wazee, uliza nani atakusimamia, kama kuna muuguzi katika kila zamu, utapewa mafunzo ya siku ngapi, na ni mambo gani hutaruhusiwa kuyafanya. Mahali pasipo na orodha ya makatazo hapajafikiri vya kutosha kuhusu usalama wa wazee wala wa kwako.

Jihadhari pia na mawakala. Anayetaka umtumie pasipoti halisi, ulipe ada ya viza katika akaunti yake binafsi, au anayekudokezea kwamba ukifika utabadilishiwa kazi upate mshahara, anakuweka katika hatari ya usafirishaji haramu wa binadamu. Katika kazi ya kujitolea iliyo halali hakuna mtu mwenye haki ya kukaa na pasipoti yako, na mkataba huonyesha kabla ya safari saa za kazi, siku za mapumziko, mahali pa kulala na jina la msimamizi.

Hatua ya nne: Andaa hati

Anza mapema, walau miezi sita kabla. Pasipoti iwe na uhai wa kutosha, kwa kuwa nchi nyingi hudai miezi sita kuanzia siku ya kuingia. Viza ndilo jambo ambalo watu hulichezea zaidi: katika nchi nyingi kazi ya kujitolea huhesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi, na anayeingia kwa viza ya utalii kisha akakutwa akihudumu kituoni anaweza kufukuzwa na kuzuiwa kurudi. Uingereza, kwa mfano, ina viza maalumu ya wafanyakazi wa mashirika ya hisani, isiyoruhusu malipo na yenye kikomo cha miezi 12. Uliza ubalozi wa nchi husika kwa maandishi na uhifadhi jibu lao. Usitegemee maneno ya wakala wala ya aliyekwenda kabla yako.

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kinatakiwa karibu kila mahali, na muda wake huisha haraka, hivyo usikichukue mapema mno ukalazimika kukirudia. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, nyaraka za umma hutambuliwa kwa muhuri wa apostili. Kwa nchi nyingine, uthibitisho hupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na mzunguko huo huchukua wiki kadhaa. Beba pia barua za wadhamini wawili wasio ndugu zako, nakala za vyeti vya taaluma vilivyotafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, pamoja na barua ya mwaliko.

Hatua ya tano: Afya, bima na fedha

Utaishi karibu na watu ambao miili yao haina nguvu ya kupambana na maradhi, kwa hiyo chanjo zako zinawalinda wao kabla ya kukulinda wewe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa mara tatu ndani ya miezi sita, ya mafua huhitaji kama wiki mbili kabla ya kuanza kinga, na cheti cha homa ya manjano huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa, kisha hudumu maisha yote. Pima kifua kikuu kabla ya kuondoka. Ukiwa kazini, ukipata mafua au homa usiingie katika vyumba vya wazee, na ukiharisha au kutapika ukae nje hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome.

Bima igharimie matibabu, kurudishwa nyumbani ukiugua sana, na dhima endapo mtu ataumia mikononi mwako. Kuhusu fedha, hakikisha nauli ya kurudi unayo wewe mwenyewe, mahali ambapo shirika haliwezi kuigusa, ili siku ukiona mambo si sawa uweze kuondoka bila kumwomba mtu.

Hatua ya sita: Jifunze kazi na lugha kabla ya kuondoka

Chukua mafunzo ya huduma ya kwanza, na ukiweza, siku chache za mafunzo ya kumhudumia mgonjwa. Katika lugha, usianze na majina ya matunda na rangi. Anza na maneno ya heshima kwa wakubwa, sehemu za mwili, na sentensi utakazozihitaji kila saa: unaumwa wapi, nikusaidie au nikuache, naomba ruhusa nikushike mkono, maji haya yana joto la kukufaa, nimwite muuguzi. Mzee aliyehama nchi au aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau huenda akarudia lugha ya utotoni, nawe ukijua maneno machache ya lugha hiyo utakuwa umemfungulia mlango ambao wenzako hawawezi kuufungua.

Hatua ya saba: Kazini kwa wazee

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wiki ya kwanza fuatana na mfanyakazi mwenyeji, uangalie, uulize, na ufanye unaloelekezwa. Jifunze kila mzee anapenda kuitwaje, kwa sababu wengine huvunjiwa heshima kwa kuitwa majina ya utani au ya kitoto na watu waliozaliwa baada ya wajukuu wao. Bisha mlango hata ukiwa wazi. Msogelee kwa mbele ili akuone, kaa chini macho yenu yawe sawa, na uzungumze polepole bila kupaza sauti, maana kelele humfadhaisha hata mwenye masikio mazito. Kabla ya kukata tamaa kwamba hasikii, angalia kama kifaa chake cha kusikia kimewekwa vizuri na betri yake inafanya kazi.

Kulisha ni kazi inayoonekana nyepesi, na ndiyo inayoweza kuua. Mzee aketi wima, kidevu kikielekea chini kidogo, nawe uketi mbele yake badala ya kusimama juu yake. Mweleze kilichomo sahanini. Tia nusu kijiko, subiri umwone akimeza, hakikisha kinywa kimebaki kitupu, ndipo ulete kijiko kingine. Akikohoa, macho yakimtoka machozi, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simama hapo hapo umwite muuguzi, kwa kuwa huenda chakula kinaingia katika njia ya hewa. Akimaliza asilazwe, aendelee kuketi kama nusu saa. Wengine wameagizwa kunywa vinywaji vilivyofanywa vizito tu, na kikombe kimoja cha maji ya kawaida unachompa kwa huruma kinaweza kumletea nimonia. Usimpe mtu chochote kabla ya kuuliza.

Kumwinua mzee kuna utaratibu wake. Usimvute kwa mikono wala kumshika makwapani. Funga breki za kiti cha magurudumu, ondoa vikanyagio vya miguu, mwache asogee mbele kidogo, aweke mikono kwenye egemeo na ajisukume mwenyewe huku ukimtegemeza. Yule asiyeweza kusimama hainuliwi na mtu mmoja, na mashine ya kuinulia haiguswi na asiyefundishwa. Ukiona sehemu ya ngozi juu ya mfupa, hasa kwenye kisigino, nyonga au mwisho wa uti wa mgongo, imebadilika rangi na rangi hiyo haipotei ukibonyeza, au kwa mwenye ngozi nyeusi imekuwa nyeusi zaidi, ya moto au ngumu, mwarifu muuguzi siku hiyo hiyo, kwa sababu ndivyo vidonda vya kulala vinavyoanza.

Utakutana na wagonjwa wa kusahau, ambao duniani wamezidi milioni 55. Bibi wa miaka 80 na kitu atakuuliza mama yake yuko wapi. Ukimjibu kwamba alikufa zamani, atapokea habari hiyo kama mpya na kulia upya, na baada ya saa moja atauliza tena. Afadhali umwombe akusimulie habari za mama yake: alikuwa akiimba nini, alikuwa mkali au mpole. Mara nyingi swali lile lilikuwa la hofu au upweke, na hofu hutulia mtu akisikilizwa. Usimwulize kama anakukumbuka. Kila siku jitambulishe.

Mambo ya mali yawe mbali nawe kabisa. Usipokee fedha, usijue namba ya siri ya kadi ya mtu, usishuhudie wosia, na zawadi ukipewa ipelekwe kwa msimamizi iandikwe. Wazee hudhulumiwa zaidi na watu waliowaamini, nawe utakuwa mmoja wa wanaoaminiwa.

Hatua ya nane: Kazini penye watoto

Hata ukiwa umekwenda kwa ajili ya kuwafundisha walezi au kurekebisha majengo, watoto utakutana nao. Mtoto atakukimbilia siku ya kwanza, atakukumbatia na kukataa kukuachia, na wengi hufurahi wakidhani wamependwa. Mtoto aliyekua salama humwonea haya mgeni na kumtazama mlezi wake kwanza. Anayemrukia kila mgeni mara nyingi amekosa mtu wake wa kudumu. Msalimie kwa upole, kisha umpeleke kwa mlezi wake, umwache mlezi ndiye ambembeleze, amlishe na amlaze. Kazi yako ni kumpunguzia mlezi mizigo mingine ili apate muda huo.

Usikae na mtoto peke yenu penye mlango uliofungwa, usimwogeshe wala kumbadilisha nguo, na usilale katika jengo lao. Usimwulize wazazi wake walikufaje. Usimpe mtoto mmoja zawadi wala namba yako ya simu, na usiahidi kwamba utarudi au utamchukua. Picha ziachwe kabisa: mtoto hana uwezo wa kukataa kwa uhuru mbele ya mtu mzima aliyeleta msaada, na uso wake ukishawekwa mtandaoni pamoja na habari za uyatima wake utamfuata hadi utu uzima. Vivyo hivyo kwa mzee ambaye hawezi tena kuelewa anachokubali.

Ukiona au kusikia dalili za ukatili, msikilize mtoto au mzee bila kumhoji, usimwahidi siri, na uandike mara moja tarehe, saa na maneno yake kama alivyoyasema. Mpelekee mhusika wa ulinzi aliyetajwa katika sera ya shirika. Ikiwa mtuhumiwa ni kiongozi wa kituo, nenda kwa mamlaka ya ustawi wa jamii au polisi, na uliarifu shirika lililokutuma. Namba za ofisi hizo ziwe kwenye daftari lako tangu siku uliyofika, kwa kuwa siku ya tukio hutakuwa na utulivu wa kuzitafuta.

Hatua ya tisa: Kuondoka

Tarehe ya kuondoka isiwe siri tangu mwanzo. Waambie wazee mapema na uwakumbushe, huku ukifuata ushauri wa muuguzi kwa wale wenye ugonjwa wa kusahau. Wengine watakasirika au kukataa kuongea nawe wiki ya mwisho, na usichukulie kwamba ni utovu wa shukrani. Muage kila mmoja kwa jina lake. Kutoroka alfajiri ili kuepuka machozi huwaumiza zaidi wanaobaki.

Waachie wafanyakazi maandishi yenye manufaa: nani hupenda kuketi dirishani, nani hula vizuri akisomewa, nani huogopa maji ya kuoga yakimwagwa kichwani kwanza. Ukiahidi barua, iandike. Andika pia ripoti ya kweli kwa shirika lililokutuma, ukitaja yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, kwa kuwa anayekuja baada yako hana njia nyingine ya kujua. Na ukitaka kuendelea kuchangia fedha kwa ajili ya yatima ukiwa umesharudi, zielekeze kwa programu zinazowalipia ada za shule watoto wakiwa kwa bibi na shangazi zao, zinazompa mama mjane mtaji, au zinazozifundisha familia za malezi ya kambo, na uombe taarifa ya matumizi kila mwaka.